Maziwa lala na kisukari: Kibuyu hakichukui nafasi ya dawa

KILA wanariadha wetu wanaporejea nchini na medali, hulakiwa katika uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Maziwa hayo, ambayo Wakalenjin huyachachusha katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yana ndugu zake kote nchini: maziwa lala, mtindi, hata uji uliolazwa ukachacha.

Miaka ya hivi karibuni vyakula vya aina hii vimepewa jina jipya, probiotiki, na pamoja na jina hilo yamekuja madai mapya. Vidonge vyenye bakteria hai huuzwa kwa bei ya kutisha, na hawakosekani wauzaji wanaoapa kwamba hushusha sukari mwilini. Mwandishi huyu ameulizwa zaidi ya mara moja, na jamaa walio tayari kuzitupa dawa zao, iwapo madai hayo ni ya kweli.

Probiotiki, kwa maana iliyokubaliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) mnamo 2001, ni vijidudu hai ambavyo humnufaisha mtu kiafya vikiliwa kwa kiasi cha kutosha. Neno la kuzingatia hapo ni "hai". Yogati iliyopashwa moto baada ya kuchacha, ili isiharibike upesi dukani, haina tena bakteria hao.

Sasa, utumbo wahusikaje na kisukari? Katika utumbo mpana huishi matrilioni ya bakteria. Chakula chao ni yale makapi ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyasaga, yaani nyuzinyuzi za maharagwe, mboga na nafaka isiyokobolewa. Wakizila, hutoa asidi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kuuimarisha. Asidi hizo pia huamsha chembe fulani za utumbo zitoe homoni iitwayo GLP-1, nayo huihimiza kongosho kutoa insulini.

Mnamo 2012 watafiti waliochunguza kinyesi cha watu 345 nchini Uchina walitangaza kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wana upungufu wa bakteria watoao butireti. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyika. Hata hivyo, miaka mitatu baadaye, utafiti uliojumuisha watu wa Denmark, Sweden na Uchina uligundua kasoro: sehemu kubwa ya tofauti zilizodhaniwa kuletwa na ugonjwa zilikuwa zimeletwa na metformini, dawa ambayo wengi wa wagonjwa hao humeza kila siku. Upungufu wa bakteria wa butireti ulionekana hata kwa wasioimeza, lakini somo lilikuwa limepatikana.

Somo lenyewe lina utamu wake. Mwaka wa 2017 wanasayansi walichukua kinyesi cha wagonjwa waliokuwa wametumia metformini, wakawapandikiza panya wasiokuwa na bakteria wowote, na panya hao wakamudu sukari vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, huenda sehemu ya kazi ya dawa hiyo hufanyika kupitia bakteria wale wale ambao wauza vidonge wanadai kuwahudumia. Anayeacha metformini ili "kutunza utumbo" huenda anajinyima kile anachokitafuta.

Na probiotiki zenyewe? Majaribio mengi yamefanywa kwa wagonjwa wa aina ya pili, na yakijumlishwa huonyesha sukari ikishuka, lakini kidogo tu. Mengi yalihusisha watu wachache kwa majuma kadhaa, kila moja likitumia bakteria wa aina yake. Mnamo Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa nchini Marekani iliruhusu watengenezaji wa yogati kusema kwamba kula walau vikombe viwili kwa wiki huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, mradi waeleze kuwa ushahidi ni haba. Tazama vyema: hatari ya kuupata, si tiba kwa aliye nao tayari. Kwa mwenye aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeishiwa na uwezo wa kutoa insulini, hakuna kibuyu kinachoweza kuchukua nafasi ya sindano.

Hayo hayamaanishi kwamba mgonjwa ayakimbie maziwa lala. Glasi moja ya maziwa ina takriban gramu 12 za sukari ya asili, na kuchacha huipunguza kwa sehemu. Tatizo ni yogati za rangi na ladha ya matunda. Soma kibandiko: kila gramu nne za sukari ni kijiko kimoja cha chai. Lala isiyotiwa chochote ni bora, na ni nafuu pia. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwani yakiwa mabichi yaweza kuleta bruselosi, na kuyachemsha baadaye ni kuwaua bakteria uliowataka.

Bakteria hao wakiingia utumboni wasipate nyuzinyuzi, hawana cha kula. Ndengu, mbaazi, managu na ugali wa unga usiokobolewa huwasaidia kuliko kidonge chochote. Wenye kinga dhaifu wasimeze vidonge vya bakteria bila idhini ya daktari, kwani mara chache bakteria hao wamewahi kuingia katika damu.

Kuhusu wanaoacha metformini kwa sababu ya kuhara na tumbo kujaa gesi, malalamiko yao ni ya haki. Lakini dalili hizo mara nyingi hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula, ikianzwa kwa kipimo kidogo au ikibadilishwa kwa ile inayoyeyuka polepole. Hayo ni ya kumwambia daktari katika kliniki ijayo, kabla ya kuiweka dawa kando.