Roboti wa shosho anafundishwa na nani?

Kama una binamu Uingereza anayelea wazee, ama rafiki anayesomea Kijerumani hapo mtaani akitafuta kazi hiyo hiyo Ujerumani, hii stori ni yako. Huenda siku moja akabidhiwe roboti na kuambiwa, "Haya, itumie."

Mcheki Paro, roboti wa Kijapani mwenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Aliyemuunda, Takanori Shibata, alichagua sili kwa sababu wengi wetu hatujawahi kumshika, kwa hivyo hatuna wa kumlinganisha naye. Paka bandia ungemshuku mara moja! Ukimpapasa Paro, anarudia alichokuwa akifanya. Ukimpiga, anaacha. Yaani mzee mwenyewe anamzoesha.

Poa sana, sivyo? Ngoja kwanza. Mtafiti James Wright alikaa na wahudumu katika makao ya wazee Japani, kisha mwaka wa 2023 akatoa kitabu, Robots Won't Save Japan. Mkongwe mmoja alijaribu mara kwa mara kumchuna Paro ngozi. Mwingine alimpenda hadi akakataa kula bila yeye. Naye Pepper, roboti wa kuongoza mazoezi, alihitaji mhudumu kando yake akirudia maneno na kuigiza miondoko. Kazi ikaongezeka!

Pepper unaweza kumbadilisha. Kuna programu iitwayo Choregraphe: unavuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha, "sema hivi", "inua mkono". Hata mimi niliyeacha chuo nusu njia naelewa. Lakini nani atakaa kwenye kompyuta baada ya kuogesha na kulisha wazee siku nzima?

Na bado ni mhudumu anayejua kwamba guka wa chumba cha pili anasikia kwa sikio moja, ama shosho fulani hulia akisikia wimbo wa harusi. Mradi wa CARESSES wa Ulaya na Japani ulimfundisha Pepper kuanza na utamaduni wa mtu, kisha amuulize mwenyewe. Safi, maana si kila Mluhya hupenda kuku. Mimi ningemuuliza mhudumu kabla hata roboti hajanunuliwa.

Kwa hivyo mwambie binamu: kwenye mahojiano ya kazi, aulize nani hurekebisha roboti, kama muda huo unalipwa, na kama anaruhusiwa kumzima.