Mtoto Aliyepandikizwa Uloto Akirudi Nyumbani

Uloto ni kitu laini kilicho ndani ya mifupa. Humo hutengenezwa damu, pamoja na askari wa mwili. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Mtoto akirudi nyumbani, askari wake wapya bado ni wachache. Hukua kwa miezi mingi. Mpe maji yaliyochemshwa na chakula cha moto. Asilale na kuku wala mbuzi. Mnapofagia asiwepo, vumbi hubeba vijidudu.

Kazi ngumu ni wageni. Watakuja kumpakata. Mwenye kikohozi amsalimie kwa mbali, si dharau. Lakini msimfungie ndani. Acheze na ndugu zake wazima, walionawa mikono.

Akipata homa, hata usiku, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali, mseme amepandikizwa uloto.