Tusimwache Majeruhi wa Nyumbani

Wakazi wa Mbale wanaujua Mto Nabuyonga. Mwishoni mwa Julai 2022 ulifurika ukaua watu. Siku nyingine hutiririka kwa upole. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa akili uitwao baipola. Mgonjwa hupanda: halali, hunena mno, hutapanya mshahara. Kisha huzama katika huzuni hata akatamani kufa.

Askari wenzetu, huo si ulevi, si utovu wa nidhamu, wala si kurogwa. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia aliyewahi kuwa mateka wa vita wa Wajapani huko Changi, alitangaza kwamba chumvi ya lithiamu humtuliza mgonjwa aliyepanda. Hadi leo hutumika, damu ikipimwa mara kwa mara.

Basi tufanyeje mke, mume au ndugu akiugua? Tulinde usingizi wake. Asiache dawa ajionapo amepona. Mambo ya fedha tuyapange naye angali mtulivu. Silaha isilale nyumbani. Dalili zikirudi, twende hospitali mapema. Na akitaja kufa, tusimwache peke yake, twende saa ile ile.

Tuliofunzwa kutomwacha majeruhi uwanjani, tutamwachaje wetu nyumbani?