Macho ya Mtoto wa Rubavu

Askari akisikia ya kwamba mwezi Novemba 2024, mjini New York, ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi ilinunuliwa mnadani kwa dola za Kimarekani milioni 6.2, atacheka, na kicheko chake ni cha haki. Mnunuzi mwenyewe aliila siku chache baadaye mbele ya waandishi wa habari. Hiyo ndiyo iitwayo sanaa ya dhana: kitu si chochote, wazo ndilo lenye bei. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1917 Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York beseni la kukojolea la wanaume, lenye sahihi ya jina la uongo, akaliita “Chemchemi”. Halikuonyeshwa, na baadaye likapotea. Lakini vizazi vya wasanii vimelifuata hadi leo.

Hata hivyo haifai kuipima sanaa nzima kwa ndizi. Mojawapo ya kazi nzito za aina hiyo ilianzia hapa Rubavu.

Mwezi Agosti 1994, majuma machache baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi kukomeshwa, aliingia Rwanda msanii Alfredo Jaar, mzaliwa wa Chile akaaye New York. Mwezi mmoja kabla yake mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamepita Gisenyi kwenda Goma. Jaar alipiga maelfu ya picha, kisha akakabiliwa na swali gumu. Picha za maiti zilikuwa zimekwisha tolewa magazetini na katika televisheni, na dunia haikunyanyua mkono. Za kwake zingeongeza nini?

Mwaka 1995, mjini Chicago, alizifungia picha zake ndani ya masanduku meusi na kuandika juu ya kila kifuniko maelezo ya picha iliyomo. Mtazamaji alisoma, asione. Katika kazi nyingine hakutumia picha yake hata moja. Alipanga majalada 17 ya jarida la Newsweek, tangu Aprili 1994, na chini ya kila jalada akaandika yaliyokuwa yakitendeka Rwanda juma hilo. Juma moja jalada ni la mwimbaji Kurt Cobain aliyejiua. Jingine ni la O.J. Simpson. Rwanda haikutokea mpaka jalada la tarehe 1 Agosti. Polisi yeyote aliyewahi kuandaa jalada la kesi ataielewa kazi hii pasipo mwalimu: tarehe huku, tendo huku, na aliyenyamaza katikati.

Ndipo tunafika Rubavu. Katika kambi ya wakimbizi ya hapa Jaar alimkuta mtoto wa miaka mitano aliyeshuhudia baba na mama yake wakiuawa, naye baada ya hapo hakusema neno kwa muda wa majuma manne hivi. Mwaka 1997 msanii alitengeneza kazi aliyoiita “Ukimya wa Nduwayezu”. Ni meza kubwa yenye taa chini ya kioo, na juu yake rundo la slaidi milioni moja. Zote ni picha ile ile: macho ya mtoto huyo. Zipo lenzi za kukuzia, mtazamaji huokota slaidi moja na kuitazama kwa karibu.

Je, kuna ubora hapo? Katika shule ya kadeti tulizoezwa kuandika ripoti kwa tarakimu, na tarakimu ina uzuri wake. Lakini milioni moja karatasini ni sufuri sita tu. Ukitazama slaidi moja kwa sekunde moja, bila kula wala kulala, utahitaji siku kumi na moja na nusu kuzimaliza. Waliouawa, zaidi ya milioni moja katika siku zipatazo 100, walikuwa wakianguka karibu saba kila dakika. Ndizi waweza kusimuliwa, usipungukiwe na lolote kwa kutoiona. Rundo lile, la. Hicho ndicho kipimo changu.

Lipo, lakini, la kulalamikiwa. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutoa idhini, na macho yake yametazamwa zaidi na watu wa Ulaya na Marekani kuliko na jirani zake wa Rubavu. Aliyekuwa na umri huo mwaka 1994 leo amepita miaka thelathini na tano, rika moja na makapteni wengi wetu. Sifa za wataalamu haziliondoi neno hilo.

Kwa sababu hiyo naiona afadhali Bustani ya Kumbukumbu iliyoko Nyanza, Kicukiro, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa wazo la Bruce Clarke, msanii mwenye asili ya Afrika Kusini. Hesabu ni ile ile, milioni moja, ila safari hii ni mawe, jiwe moja kwa kila mtu, na waliofiwa wenyewe ndio walioitwa kuyaweka. Askari aliye likizoni Kigali anaweza kufika huko.