Mzingo wa Meko: Jiwe, Tofali au Mti?

Wasomaji wetu wa nchi za milima hawahitaji kuelezwa baridi ni nini. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Butembo iko juu zaidi, na Lubero juu tena kuliko Butembo. Jua likiisha kutua, upepo hushuka milimani, watoto hukunjamana chini ya blanketi, na mama wa nyumba huchukua mbabula yenye makaa mekundu akaiingiza chumbani, kisha hufunga dirisha. Hapo ndipo hatari ilipo. Makaa yakiungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala hasikii neno, asubuhi haamki. Kwa njia hiyo nyumba nzima zimepotea, baba, mama na watoto pamoja.

Kwa sababu hiyo twafurahi tuonapo baba wa familia anayejenga nyumba mpya akiacha nafasi ukutani kwa meko yenye dohani, yale ambayo watu wengi kwetu huyaita shemine. Lakini mara nyingi twaona pia ya kuwa, akiisha kupata tundu na bomba la moshi, husimama mbele yake asijue alivike nini. Fundi amwambia hivi, jirani amwambia vile, na mwana aliyesoma mjini amwonyesha picha katika simu, meko ya marumaru nyeupe katika nyumba ya Ulaya. Tungependa kumsaidia huyo baba, pamoja na mkewe, ambaye kwa kweli ndiye atakayeyafagia.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Pande mbili za mdomo wa meko husimama miimo, kama ilivyo mlangoni. Juu yake hulala kizingiti. Juu ya kizingiti wengi hupenda kuweka kibao cha kuwekea saa, taa na picha za wazee. Na chini, mbele ya moto, huwapo sakafu ngumu ya kupokea majivu na cheche. Hayo yote pamoja tunayaita mzingo wa meko. Kazi yake ya kwanza ni kutenga moto na nyumba. Kazi ya pili ni kubeba uzito wa ukuta ulio juu ya tundu. Uzuri ni kazi ya tatu, nasi twasihi asiyaanze mambo kwa mwisho wao.

Babu zetu walikuwa na mafiga matatu katikati ya nyumba, na moshi ulijitafutia njia katika nyasi za paa. Watu wa Ulaya nao walifanya vivyo hivyo kwa karne nyingi: moto uliwaka katikati ya ukumbi, na moshi ulitokea juu. Katika karne ya 12 majumba makubwa ya mawe huko Uingereza na Ufaransa yalikwisha kuwa na meko ya ukutani, na polepole desturi hiyo ikawafikia watu wa kawaida. Moto ulipohamia ukutani, ndipo ulipohitaji miimo na kizingiti. Kila nchi ikatumia kile ilichokuwa nacho. Waholanzi, wenye udongo mwingi na mawe machache, walitandika vigae vyeupe vyenye picha za buluu, vile vya mji wa Delft. Wabelgiji walichimba jiwe lao jeusi karibu na Namur, wakaling'arisha hata likawa kama kioo, wakalitia mekoni na katika saa za mezani. Ni kweli kwamba matajiri wa Uingereza, wakati wa msanifu Robert Adam aliyefariki mwaka 1792, walitaka marumaru nyeupe yenye nguzo za kuchongwa hata kama yalitoka mbali. Lakini hao walikuwa na mifuko isiyofanana na yetu.

Tuanze basi na swali ambalo moto wenyewe huuliza. Ndani ya tundu, kuni kavu zikiwaka vizuri, joto hupita nyuzi 600 za Selsiasi, na katikati ya makaa hukaribia hata 1,000. Nje, juu ya miimo, joto ni dogo sana kuliko hilo. Kwa hiyo kitu kifaacho nje huenda kisifae ndani, na mtu asiyetofautisha pande hizo mbili atalipa mara mbili. Ndani pajengwe kwa matofali yaliyochomwa sawasawa, yaunganishwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Simenti haifai humo. Ikipashwa moto kupita nyuzi 300 huanza kudhoofika, na baada ya majira machache ya baridi huanguka vipande vipande katika majivu.

Wakazi wa Goma wana jiwe lao mlangoni. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita kati ya mji, ukafunika mitaa mizima na hata kanisa kuu. Mwaka 1977 ulikuwa umepasuka vilevile, na tena Mei 2021. Watu waliporudi baada ya mwaka 2002 waliyavunja mawe yaleyale yaliyoangamiza nyumba zao, wakajenga kuta juu yake. Kwa mzingo wa meko jiwe hilo ni zuri kweli. Lilikuwa maji ya moto yenye joto la nyuzi 1,000 hivi; moto wa kuni hauwezi kulitisha. Weusi wake hauonyeshi moshi. Tena halina bei kubwa, ila jasho la mchongaji.

Lakini halikosi masharti. Jiwe la volkano lina matundu kama mkate, na katika matundu hayo maji hujificha. Likitiwa karibu na moto likiwa bado bichi, maji yale hugeuka mvuke, nao ukikosa pa kutokea hulipasua jiwe kwa kishindo. Mawe ya mtoni yana hatari hiyohiyo, hata yakionekana laini na mazuri, msiyatie mekoni. Mawe ya Goma yaanikwe majuma mengi chini ya paa, mahali penye hewa. Kwa kizingiti lichaguliwe lile zito lenye matundu machache. Fundi hodari huligonga kwa nyundo na kusikiliza: likilia kama kengele, ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, lina ufa ndani. Na uso wake uchongwe uwe sawa. Ukiachwa na makali yake, utachubua magoti ya watoto na kushika masizi, na ufagio hautayatoa. Mama mmoja wa Goma alituambia kwamba ukuta wake wa mawe ni mzuri machoni pa wageni, lakini wageni hawaufuti vumbi.

Katika Katanga hakuna mawe hayo, lakini kuna vichuguu. Mtu wa Lubumbashi ajuaye baridi ya asubuhi za Juni na Julai anajua pia ya kuwa wafyatuaji wa matofali huko hutumia udongo wa vichuguu. Mchwa huuleta kutoka chini, chembe kwa chembe, ukiwa laini na wenye kunata, nao ukichomwa huwa mwekundu na mgumu. Katika tanuru la kienyeji matofali hayaivi sawa. Yaliyo karibu na moto huiva mno hata hubadilika rangi, yaliyo pembeni hubaki mabichi. Mnunuzi achague mwenyewe, moja moja, asikubali kupakiliwa gari bila kuangalia. Tofali jema likigongwa kwa jingine hulia. Likilala ndani ya maji usiku kucha halilegei. Kwa mzingo wa meko wa futi chache hahitaji matofali mengi, kwa hiyo hana sababu ya kuwa mpole katika kuchagua.

Tofali lina neema nyingine ambayo jiwe halina: laweza kuinamishwa upinde juu ya tundu. Upinde uliopangwa vema hujishikilia wenyewe, kila tofali likimsukuma mwenzake, wala hauhitaji chuma. Fundi asiyejua upinde hulaza chuma cha pembe juu ya miimo. Si kosa, ila chuma kikipata joto hurefuka. Kikibanwa kwa simenti pande zote mbili kitausukuma ukuta na kuleta ufa juu ya kibao, nao ufa huo hauzibiki hata ukipakwa chokaa kila mwaka. Kiachiwe nafasi ndogo mwishoni, upana wa kidole.

Juu ya marumaru tutasema kidogo. Ni jiwe la chokaa lililopikwa na ardhi. Moto wa nyuzi 900 huligeuza tena kuwa chokaa. Nje ya miimo halifiki huko, kwa hiyo halina hatari, lakini hunywa mafuta na masizi, na doa la chai au la limau haliondoki. Vigae ving'aavyo viuzwavyo madukani kwa jina hilohilo la marumaru si jiwe. Ni udongo uliochomwa, nao wafaa kwa miimo kama gundi yake yavumilia joto. Muuzaji aulizwe hilo kabla ya kulipwa.

Sasa mti. Nchi yetu ina miti ambayo watu wa Ulaya huitamani, na seremala wa Butembo aweza kuchonga kibao cha libuyu au cha mvule kitakachodumu kupita wajukuu. Hatusemi kisitumike. Twasema kikae mbali. Mti huanza kushika moto kati ya nyuzi 250 na 300, lakini hilo si jambo lote. Joto dogo kuliko hilo, likirudi usiku kwa usiku, miaka kwa miaka, hukausha mti na kuugeuza polepole kuwa kama makaa, na siku moja utashika moto kwa joto ambalo mwaka wa kwanza halikuudhuru. Ndiyo maana nyumba huungua baada ya miaka kumi, na wenyewe husema, mbona jana haikuwa hivyo? Kanuni za Marekani za kuzuia moto hazikubali kitu chochote cha mti chini ya sentimita 15 kutoka ukingo wa tundu, na kibao kinachotokeza nje kupita sentimita 4 hutakiwa kiwe angalau sentimita 30 juu ya tundu. Kwa sakafu ya mbele hutaka sentimita 40 mbele na 20 kila upande, kwa tundu la kiasi. Chukueni kipimo cha kamba, mwende mkapime. Tena kuni zetu nyingi ni za mkalitusi, ambao hurusha cheche. Mkeka au zulia lisiguse sakafu hiyo.

Umbo nalo lina hesabu yake. Tundu la upana wa sentimita 75 na kimo cha 65 latosha sebule ya nyumba ya kawaida. Bomba la moshi liwe na eneo la karibu sehemu ya kumi ya tundu, yaani sentimita 22 kwa 22 hivi. Wengi hupanua tundu ili mzingo uonekane mkubwa na wa heshima, wakasahau bomba. Kisha moshi hujaa chumbani, marumaru huwa ya kijivu, na familia hurudia mbabula. Benjamin Thompson, aliyeitwa Kaunti Rumford, aliandika mwaka 1796 jinsi ya kuponya meko yanayotoa moshi: tundu lisiwe na kina kirefu, kuta za pembeni zielekee nje ili zirudishe joto kwa watu, na koo la bomba liwe jembamba. Miimo iwe mipana kufuata kazi hiyo. Mwashi wetu aweza kuifanya kwa matofali bila kununua kitu.

Mtindo je? Sisi hatupendi simenti iliyochorwa mishipa ya marumaru, wala mabamba ya plastiki yenye sura ya jiwe, ambayo karibu na moto ni hatari tupu. Anayekaa Bukavu na atembee mjini aziangalie nyumba za kale zilizojengwa kwa mtindo wa Art Deco: mistari iliyonyooka, ngazi ndogo ndogo, pembe zilizoviringwa, bila maua wala malaika. Mtindo huo hufanywa kwa matofali na lipu, na fundi wa kawaida auweza. Anayependa pambo zaidi, mfinyanzi aweza kumkandia vigae vyenye mistari ya pembe kama ile ya nguo za Wakuba wa Kasai, visivyo na uwezo wa kuungua.

Na fedha zikiwa chache, zigawanywe hivi: kwanza dohani, kisha matofali ya ndani, kisha sakafu ya mbele. Miimo yaweza kubaki lipu tupu mwaka mmoja au miwili, kibao kikangojea mavuno. Kazi ikiisha, meko yasiwashwe siku ileile ili kuwaonyesha majirani. Yaachwe majuma matatu au manne yakauke. Kisha siku ya kwanza ziwashwe kuni chache nyembamba kwa saa moja, siku ya pili zaidi kidogo, na hivyo hivyo kwa juma zima, huku mwenye nyumba akipitisha kiganja juu ya miimo na kizingiti kutafuta unyevu na nyufa.