Kero ya wote, mahakamani ataenda nani?

Wiki hii twende Kyela, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, wakavipakia kwenye mitumbwi na kuvileta sokoni Matema. Ziwa ndiyo barabara yao. Sasa tuseme mtu mmoja amerundika magogo yake pale mitumbwi inapopakulia, wiki nzima hakuna pa kuegesha. Nani ana haki ya kumdai fidia?

Wengi watajibu: yeyote aliyekerwa. Sheria haisemi hivyo.

Kitendo hicho huitwa kero kwa umma, yaani kuzuia bila ruhusa ya sheria haki iliyo ya watu wote, kama kupita njiani au kusafiri majini. Kwanza kabisa ni jinai. Kifungu cha 170 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha mwaka 1. Lakini mwenye magogo akifungwa, mama wa Ikombe halipwi hata senti.

Kuhusu fidia tunafuata sheria ya Kiingereza tuliyoirithi, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Majaji wa Uingereza tangu karne ya 16 waliogopa jambo moja: shimo moja barabarani lisije likazaa kesi mia. Wakaamua kwamba mtu binafsi atadai tu akiwa amepata hasara yake ya pekee, iliyozidi usumbufu wa wenzake. Mwaka 1815 Miles alifunga tishari lake likaziba mkondo wa maji wa umma. Rose akalazimika kushusha shehena na kuipitisha nchi kavu kwa gharama yake. Alidai, akashinda.

Basi aliyekwenda Matema akakosa chungu cha kununua hana kesi. Mama aliyelipa wachukuzi anayo.

Mwaka 1983 kampuni ya sukari ya Tate & Lyle nayo ilishinda. Magati ya vivuko yaliyojengwa na serikali ya jiji la London yalikuwa yamejaza tope mto Thames, meli zikashindwa kufika gatini, kampuni ikazoa tope hilo kwa fedha zake. Hukumu hiyo ni ya baada ya 1920, kwa hiyo kwetu inashawishi tu, hailazimishi. Na watu wa bandari ya Itungi, wanaolijua tope vizuri, wasifurahi mapema: tope lao limeletwa na mito, na mto haushtakiwi.

Je, kama wote wameumia sawasawa? Hapo anayeshtaki ni Mwanasheria Mkuu, au watu wawili au zaidi wenye kibali chake cha maandishi. Kwa maoni yangu sharti hili ni zito mno kwa mtu wa Ikombe.

Hata hivyo wanyonge wamewahi kushinda. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa moshi na uvundo wa jalala. Mwaka 1991 Jiji liliomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira akakataa. Takataka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda.

Mama wa Ikombe aanze kwa kuandika: siku ngapi njia ilifungwa, wachukuzi aliwalipa kiasi gani, vyungu vingapi vilivunjika njiani.