Mzee wa Vyombo Vidogo Apanda Meli Kubwa

Askari akienda ng'ambo kwa kozi hurudi na cheti, na wenziwe humwuliza habari za darasani. Sisi tuliporudi kutoka Marekani mwaka 2024, hakuna aliyetuuliza habari za darasa. Kikosini walikuwa wamekwisha kusikia kwamba tulilala siku tatu ndani ya meli ya anasa, nao wakataka kujua kama ni kweli mle mna mabwawa ya kuogelea, na kama ni kweli mtu hula apendavyo bila kutoa fedha. Yote mawili ni kweli, ingawa chakula chenyewe umekwisha kukilipia ndani ya nauli. Lakini safari ile haikuwa yetu. Ilikuwa safari ya mzee mmoja na mkewe, nasi tulichukuliwa kama wasindikizaji, baada ya kupata ruhusa ya wakubwa wetu na kukamilisha hati za kusafiria.

Mzee huyo ni mstaafu wa kikosi cha ulinzi wa pwani wa nchi ile, naye ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu muda wote wa kozi. Tangu astaafu, yeye na mkewe walikuwa na desturi ya kusafiri kwa meli ndogo, za abiria sitini au themanini, zipenyazo mahali ambapo meli kubwa haziruhusiwi. Walikwisha kufika Alaska, na visiwa vya Galapagos, ambako sheria hairuhusu meli ya utalii kubeba abiria zaidi ya 100. Walikwisha kufika hata kwenye bara la barafu la kusini. Huko meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mtu mmoja, na hata zile ndogo hazishushi zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja. Meli kubwa Mzee alikuwa akizicheka waziwazi. "Kapteni," alituambia siku moja, "kile si chombo. Ni mji uliokatika kamba ukaelea."

Sisi tulimwelewa. Tumepanda MV Kalangala mara nyingi kutoka Nakiwogo kwenda Lutoboka, nasi twajua raha ya chombo ambacho abiria humwona nahodha kwa macho yake, na mtu akikosekana kwenye kiti chake jirani huuliza. Pamoja na raha hiyo tunayo kumbukumbu nyingine. Novemba 2018, chombo cha starehe kilipozama ziwani upande wa Mukono, na watu zaidi ya thelathini wakafa, wanajeshi na polisi wa majini walifanya kazi ya kuopoa maiti kwa siku kadhaa. Tangu hapo sisi hatupandi chombo chochote, kiwe kidogo au kikubwa, kabla ya kuangalia majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi.

Basi, kilichombadili Mzee ni nini? Mwaka mmoja kabla ya kuja kwetu, mkewe alipatwa na kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vikalegea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Sasa meli ndogo nyingi hazina lifti. Abiria hupanda na kushuka ngazi nyembamba, na kufika pwani huingia katika boti za mpira, tena mara nyingi huruka majini wakalowa hadi magotini. Shirika walilozoea kusafiri nalo liliwaandikia barua ya adabu kuwaeleza kwamba halitaweza kumchukua Mama. Kwa mwaka mzima Mama alikaa dirishani na albamu za picha. Hatimaye ni yeye mwenyewe aliyekata shauri: ikiwa bahari ya chombo kidogo imewakataa, basi wakaijaribu ile ya chombo kikubwa, kwa siku tatu tu, kutoka Miami hadi visiwa vya Bahamas na kurudi. Mzee alikubali kama mtu akubaliye uhamisho asioutaka.

Meli yenyewe ilibeba abiria zaidi ya elfu tatu na mabaharia zaidi ya elfu moja. Kwa lugha yetu ni brigedi nzima ndani ya jengo moja, ikila, ikilala na kupiga muziki. Na hiyo haikuwa kubwa kuliko zote. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, yaweza kuchukua abiria hadi 7,600 na mabaharia 2,350. Urefu wake ni kama meta 365, na sitaha zake ni 20. Siku ya kwanza tulipotea mara nne tukitafuta chumba chetu, sisi tuliofundishwa kusoma ramani usiku. Mama hakupotea. Lifti zilikuwa pana, milango ilifunguka yenyewe, na bafuni mwake palikuwa na vishikio. Tulimwona Mzee akivipima vishikio vile kwa mkono, kimya kimya, akitafuta kilicholegea. Hakukipata.

Kabla ya kung'oa nanga yalifanywa mazoezi ya dharura, na hapa wasomaji wetu wataelewa kwa nini tunakawia kidogo. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, ilijigonga mwambani karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile ile walikuwa bado hawajafanya mazoezi, kwa kuwa sheria ya siku hizo ilitoa nafasi ya saa 24. Nahodha Francesco Schettino aliiacha meli ingali na watu, na afisa wa ulinzi wa pwani, Gregorio De Falco, alimwamuru kwa simu, kwa ukali ambao dunia nzima iliusikia, arudi melini. Hakurudi. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16. Sheria ya kimataifa nayo ikabadilishwa. Tangu Januari 2015 mazoezi ni lazima yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Mazoezi tuliyoyaona yalikuwa hivi: kila mtu hutazama filamu fupi chumbani mwake, kisha huenda mahali alipopangiwa, kadi yake ikasomwa na mashine, akaenda zake. Baadaye hulia king'ora, milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mzee hakuridhika, na sisi tulikuwa upande wake. Paredi ya kupita mmoja mmoja si paredi; watu elfu tatu hawajifunzi kusimama pamoja kwa kutazama filamu. Lakini tuliporudi chumbani tulikuta baharia amekwisha kufika kumweleza Mama, kwa upole na kwa taratibu, ni nani watakaomjia, wangapi, na kwa ngazi ipi, kwa sababu lifti hazitumiwi wakati wa hatari. Mzee alimwuliza maswali kumi. Baharia akajibu yote kumi.

Mezani tulihudumiwa na kijana aliyesoma jina letu kwenye kadi, akatusalimu kwa Kiswahili. Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Mombasa. "Shikamoo, afande," alisema, akacheka kuona tulivyoshtuka. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane, kazi siku saba kwa juma, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa baharini. Tulimwuliza kazi yake ni ipi king'ora kikilia. Akasimama wima na kutaja namba ya ngazi anayoilinda. Wale wanaobeba sahani mchana ndio watakaowaongoza watu usiku wa balaa. Tangu hapo tukawatazama kwa jicho jingine.

Siku ya pili, mjini Nassau, meli ilifunga gatini, na Mama akashuka kwa daraja bila taabu. Siku ya tatu mambo yaligeuka. Tulitia nanga mbele ya kisiwa kidogo kisicho na gati, abiria wakavushwa kwa boti, na upepo ulikuwa umeinua mawimbi. Afisa wa mlangoni akamtazama Mama, akaitazama boti ikipanda na kushuka, akasema hapana. Mzee aliwaka. Sisi tukajitolea kumbeba mgongoni, kama majeruhi anavyobebwa. Tumefundishwa, na Mama si mzito. Afisa alitushukuru, akasema tena hapana. Kwa ukweli alikuwa na haki, kwani mtu aangukaye kati ya boti na ubavu wa meli haokolewi kwa ushujaa. Mama ndiye aliyemaliza ugomvi. "Nendeni nyinyi," alisema. "Nimekuja kuitazama bahari, na bahari iko hapa."

Hakuna aliyekwenda. Mji mzima ulishuka, meli ikawa tupu na kimya, nasi watatu tulikaa omo kutwa nzima tukihesabu ndege. Mama aliwajua kwa majina. Alasiri tulimsikia Mzee akikiri kwamba chombo kikiwa kitupu namna ile kinakaribia kufaa.

Alfajiri ya mwisho, tukiingia Miami, Mama alimwuliza mumewe taa nyekundu za maboya ziko upande gani. Ilikuwa mchezo wao wa zamani. Katika nchi za Amerika, arudiye bandarini huziweka taa nyekundu kuliani, ilhali kwetu Afrika huziweka kushotoni. Mzee alijibu vibaya. Mama akamsahihisha, na hata leo hatujui kama Mzee alikosea kweli.

Kabla ya kushuka, Mzee alikwenda kwenye meza ya maelezo na kuuliza habari za safari ya siku saba ya Alaska. Hakuuliza habari za chakula wala michezo. Aliomba orodha ya bandari, akatoa kalamu, akafuta kila mahali ambapo meli hutia nanga badala ya kufunga gatini. Mwezi wa nane ilitufikia picha hapa kambini: Mama yuko gatini Ketchikan juu ya kiti chake, koti la mvua limemfunika hadi puani, na nyuma yake Mzee ameshika mwavuli uliopinduliwa na upepo.